Farmakeia, Vidonge na Unga wa Mizizi

Swali:

"Nina kifafa tangu nikiwa na miaka 14, na kwa miaka tisa sasa nameza vidonge asubuhi na jioni. Mwaka uliopita sikuanguka hata mara moja. Hivi karibuni, katika kikundi chetu cha maombi, mwalimu mmoja alitufundisha kwamba neno 'uchawi' katika Wagalatia 5:20 kwa Kigiriki ni farmakeia, kwamba ndilo lililozaa neno 'famasi', na kwamba kila anayemeza dawa za viwandani anatenda yale ambayo watendao hawataurithi ufalme wa Mungu. Alisema Mkristo ameruhusiwa mimea tu, kwa sababu ya Mwanzo 1:29. Shangazi yangu, ambaye naye ni muumini, aliposikia hayo aliniletea unga wa mizizi kutoka kwa mtu anayemwamini. Umefungwa katika karatasi, na maagizo yake ni kwamba niunywe alfajiri kabla sijasema na mtu, nisitaje jina la aliyeutoa, na nikirudi mara ya tatu nitaambiwa ni nani katika ukoo aliyenifunga. Sijaunywa. Lakini vidonge nimeviacha siku mbili, na usiku silali. Ni kipi hapa kilicho uchawi?"

Jibu:

Dada yangu, nitaanza na vidonge kisha nije kwenye Kigiriki, kwa kuwa Kigiriki kinaweza kusubiri na ubongo wako hauwezi. Leo hii wasiliana na kliniki inayokuhudumia, uwaambie bila kuficha kwamba umekosa dozi za siku mbili, nao wakuelekeze namna ya kurudi. Usijaribu kufidia kwa kumeza maradufu. Kifafa hutokea pale seli za ubongo zinapofyatua umeme kwa pamoja na kupita kiasi, na kidonge chako hufanya kazi kwa kukaa katika damu kwa kiwango kisichopanda wala kushuka sana. Ubongo uliozoea kizuizi hicho kwa miaka tisa, kikiondolewa ghafla, unaweza kurudi kwa kishindo kikubwa kuliko ule wa mwanzo, na kukosa usingizi ni kichocheo kingine juu ya hicho. Mweleze mtu mmoja unayekaa naye kwamba ukianguka akulaze kwa ubavu, asikutie kitu chochote mdomoni, na aangalie saa. Mtukutiko ukizidi dakika tano, au ukirudi kabla hujapata fahamu, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali, haingoji kuche.

Sasa tuje kwa neno lenyewe. Mwalimu wenu hakukosea kila kitu, na ndiyo maana fundisho lake linashika. Ni kweli kwamba Paulo aliandika farmakeia, na ni kweli kwamba neno hilo ni la ukoo mmoja na farmakon, ambalo ndilo lililotupa famasi. Alipokosea ni pale alipodhani kwamba maneno ya ukoo mmoja yana dhambi moja. Kwa kanuni hiyo mchungaji wa kanisa angedaiwa majani ya kulisha kondoo wake.

Katika Kigiriki cha kale farmakon ilikuwa dawa ya kuponya, na pia sumu, na pia limbwata. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu lugha yetu inafanya vivyo hivyo bila kutushangaza. Tunasema dawa ya kikohozi, dawa ya panya na dawa ya mapenzi, na hakuna anayechanganya chupa. Mtu akisema "yule bwana amewekewa dawa", hatuulizi kama ilikuwa sindano au kidonge. Neno "mganga" ni hivyo hivyo: lipo mlangoni kwa mganga mkuu wa hospitali, na lipo kwa mpiga ramli. Hata Biblia yetu ya Kiswahili haikuepuka jambo hilo, kwa maana katika 2 Nyakati 16:12 "waganga" ni matabibu wa mfalme Asa, na katika Matendo 19:19 "mambo ya uganga" ndiyo yaliyowafanya waumini wa Efeso wachome vitabu vyenye thamani ya fedha hamsini elfu. Anayetaka kujua neno kama hilo lina maana gani huangalia limekaa na nani.

Katika karne ile ile ya Paulo aliishi tabibu mmoja, Dioscorides, mzaliwa wa Anazarbo katika Kilikia, jimbo lile lile la Tarso alikozaliwa Paulo. Aliandika vitabu vitano kuhusu tiba, akieleza mimea ipatayo 600, na neno lake la kawaida kwa kila kinachotibu ni farmakon. Hakuna msomaji wa wakati huo aliyemwona mchawi kwa sababu ya neno hilo. Kwa upande mwingine, muda mrefu kabla ya Paulo, Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki, tafsiri iitwayo Septuaginta, walikuwa wamelitumia neno farmakeia kwa kazi ya waganga wa Farao katika Kutoka 7, wale waliotupa fimbo zao chini zikawa nyoka. Tazama vizuri mandhari hiyo: hakuna mzizi, hakuna jani, hakuna kikombe. Ni fimbo, nyoka na watu wanaoshindana na Mungu mbele ya mfalme. Maana yake neno farmakeia, katika masikio ya watu waliolelewa na Septuaginta kama Paulo, lilikuwa limekwisha kuhama kutoka kwenye kinu cha kutwangia mimea kwenda kwenye nguvu za siri.

Nalo neno farmakon, ndugu yake, likabaki huru kutumika kwa wema. Yoshua bin Sira, kitabu ambacho Wakatoliki na Waorthodoksi wanakihesabu kuwa Maandiko na Waprotestanti hukisoma kama hekima ya kale tu, kinasema katika sura ya 38 kwamba Bwana aliumba dawa kutoka katika ardhi na mtu mwenye busara hazidharau. Katika Kigiriki, dawa hizo ni farmaka. Sura ya 6 ya kitabu hicho inamwita rafiki mwaminifu farmakon ya uzima. Na mapema katika karne ya 2 askofu Ignasi wa Antiokia, akiwaandikia Waefeso, aliuita mkate wa Meza ya Bwana farmakon ya kutokufa. Kama shina la neno lingekuwa na laana ndani yake, askofu anayepelekwa kuuawa kwa ajili ya Kristo asingeliweka juu ya madhabahu.

Rudi sasa kwenye Wagalatia 5 usome majirani wa neno hilo. Kabla yake ni ibada ya sanamu; baada yake ni uadui, ugomvi, wivu, hasira. Limekaa katikati ya kumwacha Mungu na kumchukia mwenzako, na hapo ndipo uchawi unapokaa siku zote. Didake, mwongozo wa Kikristo wa zamani sana, unalikataza jambo hilo katika mstari mmoja na mazingaombwe, na mara tu baada yake unakataza kuua mtoto tumboni, kwa hiyo yaelekea mwandishi alikuwa akifikiria pia vinywaji vya siri vya kudhuru. Ufunuo 18:23 unasema mataifa yote walidanganywa kwa uchawi wa Babeli, mji wa wafanyabiashara na wakuu. Katika mahali pote hapo hakuna mgonjwa anayemeza kitu ili apone.

Niseme jambo moja kuhusu dawa za kulevya, kwa kuwa wapo wanaozitia ndani ya farmakeia. Katika orodha ileile Paulo anataja ulevi peke yake, katika mstari wa 21, kwa neno lingine kabisa. Mwenye kutafuta msingi wa kukataa mihadarati ataupata hapo, na katika 1 Wakorintho 6:12, ambapo anakataa kutiwa chini ya uwezo wa kitu chochote. Ni msingi wa kutosha, wala hauhitaji kuazima neno la uchawi. Tena mtu aliyekamatwa na mihadarati akiitwa mchawi huacha kuja kutafuta msaada.

Kuhusu Mwanzo 1:29, aya hiyo inazungumzia chakula: "vitakuwa ndivyo chakula chenu". Haigawi dunia katika mimea ya Mungu na viwanda vya shetani, na mgawanyo huo ungevunjika mtu akiingia tu kwenye duka la dawa. Kwinini ilitengwa mwaka 1820 kutoka katika gome la mti wa sinkona. Artemisinini, inayotibu malaria, imetoka katika mmea wa Artemisia annua, na mwanasayansi wa China Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Dawa moja ya moyo inayotumika hadi leo ilianza na majani ambayo tabibu Mwingereza William Withering aliyaandikia habari mwaka 1785, na kazi kubwa ya maandishi yake ilikuwa kuonyesha kipimo, kwa sababu jani lile lile likizidi linaua. Kiwanda, kwa sehemu kubwa, ni mahali pa kupima kile ambacho mkono hauwezi kukipima. (Lile gome la sinkona lilipofika Ulaya katika karne ya 17 kwa mikono ya watawa wa Kikatoliki waitwao Wajesuiti, Waprotestanti kadhaa walilikataa kwa sababu ya waliolileta. Woga wa kuogopa dawa kwa sababu ya jina lililobandikwa haukuanza katika kikundi chenu.)

Wala Biblia haidhani kwamba kila kiotacho ni salama. Soma 2 Wafalme 4:38–41. Wakati wa njaa, mmoja wa wanafunzi wa manabii anakwenda kondeni kutafuta mboga, anakuta mtango-mwitu, anajaza nguo yake matango, anayakatakata ndani ya sufuria, na mwandishi anaongeza kwamba hawakuyajua. Wanapoanza kula wanapiga kelele: "mauti imo sufuriani." Hapakuwa na mchawi jikoni. Palikuwa na mtu mwema, mwenye nia njema, asiyejua alichokichuma. Nakuomba uukumbuke mkasa huo utakapoutazama tena unga ulio katika karatasi.

Maandiko hayohayo yanasimulia tiba bila kuona haya. Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia, baada ya Mungu kuahidi kumponya. Ahadi na kibandiko vimekaa pamoja. Msamaria anatia mafuta na divai katika majeraha. Timotheo anaambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Luka ni tabibu mpendwa, na Paulo hamwambii aache kazi. Bwana mwenyewe anasema wenye afya hawahitaji tabibu, bali walio hawawezi, na mithali hiyo isingekuwa na maana kama kumwendea tabibu kungekuwa dhambi.

Haki inanidai niseme kwamba Wakristo hawakuwa na sauti moja. Katika karne ya 2 Tatiano, mwandishi kutoka mashariki, aliikataa tiba ya dawa na kuihesabu kuwa hila ileile ya mashetani, akauliza kwa nini mtu anayetegemea maada asimtegemee Mungu. Mwalimu wenu, bila kujua, anarudia hoja ya Tatiano. Lakini Tatiano aliishia kukataa pia ndoa, nyama na divai, na Kanisa halikumfuata. Lilimfuata zaidi Basili, askofu wa Kaisaria, aliyejenga karibu na mji wake makao ya wagonjwa na maskini karibu mwaka 370, na aliyewafundisha watawa wake kwamba mimea yenye kufaa kwa kila ugonjwa haikuota yenyewe bila kusudi la Muumba. Basili huyohuyo aliwaonya wasiweke tumaini lao lote kwa tabibu. Hilo ndilo kosa la Asa pia: aya ile ya 2 Nyakati 16:12 inamlaumu kwa kuwa hakumtafuta Bwana, na huo ndio uzito wa maneno "bali waganga". Mtu anayesali kisha anameza kidonge hayumo katika aya hiyo.

Hukuuliza, lakini nahisi lipo chini ya swali lako: je, kifafa chenyewe ni pepo? Wengi hutaja yule kijana wa Mathayo 17, ambaye baba yake alisema ana kifafa, na Yesu akamkemea pepo. Kisa hicho kipo na sikipunguzi. Lakini Mathayo huyohuyo, katika 4:24, anapohesabu walioletwa kwa Yesu, anataja "wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza" kama makundi matatu. Alijua tofauti. Anayekutazama wewe na kuona pepo kwa sababu tu ya jina la ugonjwa, amesoma aya moja akaruka nyingine.

Basi ule unga. Umeniuliza ni kipi kilicho uchawi, nami nitajibu kwa uangalifu, maana simjui aliyeutoa na mizizi yenyewe haina hatia. Dawa, iwe ya kiwandani au ya porini, hufanya kazi kwa sababu ya kilichomo ndani yake. Haijui jina lako. Ukiimeza ukiwa kimya au ukiwa unaimba, ukipewa na mwema au na mwovu, kemikali yake itaingia kwenye damu kwa njia ileile. Sasa yapitie maagizo uliyopewa: usiseme na mtu kabla ya kunywa, usitaje jina la mtoaji, rudi mara ya tatu utatajiwa mtu. Hakuna hata moja linalohusu mzizi. Hakuna kipimo, hakuna onyo la nini kifanyike ukizidiwa, hakuna swali kuhusu dawa nyingine unazotumia. Yote yanahusu siri, na mwisho wa siri hiyo ni jina la ndugu yako.

Kumbukumbu la Torati 18:10–11 inataja mtu atazamaye bao, mwenye kubashiri, msihiri, alogaye kwa kupiga mafundo, apandishaye pepo, awaombaye wafu. Mchuma mimea hayumo. Waliomo ni watu wanaodai kujua yaliyofichika na kuamuru nguvu nyuma ya mgongo wa Mungu. Kwa hiyo, dada yangu, kama katika habari yako kuna kitu kinachofanana na kile Biblia inachokiita uchawi, ni ile safari ya tatu, na si vidonge vyako. Hata kama unga ungekuwa chumvi tupu, jina utakalotajiwa lingefanya kazi yake: ungeanza kumtazama shangazi mwingine, au shemeji, au bibi mzee, kwa jicho ambalo halifutiki. Kuna watu wameuawa kwa majina yaliyotajwa namna hiyo.

Raheli alizitamani tunguja za Reubeni, mmea ambao watu wa kale waliuamini kwa kupata mimba, akazinunua kwa Lea kwa kumwachia mume usiku mmoja. Usomapo Mwanzo 30 utaona Lea, aliyeziuza, ndiye anayezaa wawili wa kiume na binti, na Raheli anakaa na mizizi yake hadi mstari wa 22, unaposema Mungu akamkumbuka. Mwandishi hamwiti Raheli mchawi. Anatuonyesha tu, kwa utulivu na labda kwa tabasamu, ni wapi mtoto alikotoka.

Kwa upande wa mwili, mimi ni mwalimu wa Agano Jipya na si daktari, lakini jambo moja linajulikana vya kutosha hata nikaweza kulisema: baadhi ya mimea huamsha vimeng'enya vya ini, navyo huivunja dawa uliyomeza kwa kasi kuliko kawaida, kiwango chake katika damu kikashuka, na mtu akaanguka huku akidhani anajitibu mara mbili. Mmea wa maua ya njano uitwao hypericum unajulikana sana kwa hilo. Kwa hiyo hata mzizi ulio safi kiroho unaweza kuwa mbaya kwako. Ukitaka kutumia mmea wowote, upeleke kwa daktari au mfamasia ukiwa na jina lake. Kama hauna jina, usiunywe.

Na kama unatamani siku moja kuachana na vidonge, hilo si ukosefu wa imani wala si ndoto tupu. Madaktari huweza kulifikiria baada ya mgonjwa kukaa miaka kadhaa bila kuanguka, mara nyingi angalau miwili, na hupunguza polepole kwa miezi, kulingana na aina ya kifafa. Wewe una mmoja. Waombe wazee wa kanisa wakupake mafuta kama Yakobo 5:14 inavyosema. Aya hiyo haiwaambii wakunyang'anye chupa. Mtu akikutangazia kwamba umepona, mjibu kwa Mathayo 8:4, ambapo Yesu, akiisha kumtakasa mwenye ukoma, alimwagiza aende akajionyeshe kwa kuhani, ambaye kwa sheria ndiye aliyekuwa na kazi ya kukagua ngozi. Kwako kazi hiyo anayo daktari.

Kwa mwalimu wa kikundi, mwendee faraghani pamoja na mchungaji au padri wako, mkiwa na Wagalatia 5 na Mathayo 4:24 mbele yenu, na umweleze kilichokupata baada ya fundisho lake. Huenda hajui kwamba yupo aliyeacha dawa, na huenda hauko peke yako.

Shangazi usimkaripie. Alikuletea kile alichodhani ni msaada. Mwambie umeupokea upendo wake na unga hutaunywa, na kwamba safari ya tatu haitakuwapo, kwa sababu hutaki kusikia jina la mtu yeyote. Akikuuliza ufanye nini basi, mwombe akusindikize kliniki leo.